Mjadala: Kodi ya sangara imsomeshe kijana gesi baridi Ulaya?

MwanaIgoma: Mwangaluka wakuu. Kuna kijana wa mtaani kwetu kapata nafasi ya uzamivu Austria. Atasomea mitetemo ya pamoja ndani ya gesi za sumaku zilizopozwa kupita kiasi. Anaomba serikali imlipie nusu. Mimi nasema hapana. Magugu maji yamejaa ziwani, tupeleke hela huko? Mnasemaje?

Pasiansi99: Gesi ikipoa si inaganda? Atarudi na udaktari wa barafu hahaha

BintiNyakato: Haigandi, ni nyembamba mno. Hewa unayovuta sasa hivi ina msongamano mara 100,000 hivi kuizidi, kwa hiyo atomu hazikutani vya kutosha kushikana. Joto lake halifiki hata sehemu ya milioni ya digrii juu ya sifuri halisi, ile -273.15. Hapo atomu zote zinakwenda kama kitu kimoja. Chukua kundi la dagaa chini ya taa: gusa pembeni, linatikisika lote. Hata mvuvi anaelewa hilo.

MvuviIgombe: "Hata mvuvi"? Dada, mimi nina diploma na mtumbwi wangu mwenyewe. Na dagaa ukiwagusa pembeni hawatikisiki wote, wanatawanyika, wengine wanazama. Umewahi kulala ziwani hata usiku mmoja?

Kapripoint: Haya mambo yalipata Nobel mwaka 1995. Miaka 30 sasa, hata unga haujashuka bei.

BintiNyakato: Kapripoint, 1995 ni jaribio la wanafizikia Cornell na Wieman kule Boulder, Marekani, la kuipoza gesi hivyo. Nobel ni 2001, pamoja na mwenzao Ketterle. Tena Cornell na Wieman walitumia atomu za rubidi, ambazo sumaku yake ni hafifu. Za huyu kijana ni za sumaku kali, zilizopozwa hivyo baadaye: kromiamu (Stuttgart, Ujerumani, 2005), disprosi (2011), erbiamu (Innsbruck, Austria, 2012). Atomu hizo zikikaa ubavu kwa ubavu zinasukumana, zikifuatana kichwa kwa mkia zinavutana. Ndiyo maana wimbi la mtetemo ndani ya gesi hiyo likizidi kuwa fupi, nishati yake haipandi tu moja kwa moja. Inapanda, inashuka bondeni, ndipo inapanda tena. Bonde hilo ndilo rotoni. Mwanafizikia Santos na wenzake walilitabiri 2003, likaonekana kwenye erbiamu 2018. Likizidi kina, gesi inajipanga yenyewe kwa mafungu huku bado inatiririka bila msuguano! Mwaka 2019 maabara za Pisa (Italia), Stuttgart na Innsbruck zote zilionyesha hilo. Sasa wewe unaniletea unga.

MvuviIgombe: Gazeti zima, na "samahani" haimo.

Pasiansi99: Mvuvi kamshika pabaya 😂

MzeeMwaloni: Wanangu, taratibu. Binti hakukusudia kukutukana. Ila nikwambie mvuvi, dagaa wa enzi za karabai walikuwa wanene. Hizi taa zenu za sola zinawaita vitoto.

MvuviIgombe: Mzee shikamoo, lakini hapo sikubali. Kosa ni nyavu za macho madogo. Taa haina hatia.

Kapripoint: Nyavu haramu mnanunua wenyewe halafu mnalalamika.

MvuviIgombe: "Mnanunua" akina nani? Taja mwalo.

MwanaIgoma: Jamani, mada ni hela ya kodi!

Pasiansi99: Mada imeshavuka kivuko, bosi.

MwanaIgoma: Haya, niulize hivi basi: akimaliza, atarudi?

BintiNyakato: Arudi afanyie wapi? Kazi ile inataka leza za rangi maalumu na chumba kilichofyonzwa hewa karibu yote. Tujenge kwanza, ndipo tuwadai warudi.

Kapripoint: Kumbe hata wewe unakubali hela itapotelea huko.

BintiNyakato: Nimesema tujenge. Soma vizuri.

MvuviIgombe: Anajua kuamrisha watu wasome, kuomba radhi hajui.

MzeeMwaloni: Mvuvi, hiyo taa ya sola wakati wa masika mnaichaji vipi? Mjukuu wangu anataka kununua mbili.