Gitaa la milioni moja na nusu: Kisumu ilipe mbao, ilipe jina, au iliache liende?

Mwanzisha mada, Kisumu

Kwa ambao hawajasikia: hapa mjini kuna gitaa la umeme linauzwa, Stratocaster jekundu la kampuni ya Fender ya Marekani. Mwenye nalo anadai ni la mwaka 1964, kwamba lilipigiwa benga, muziki wa gitaa wa Waluo, na bendi moja ya kando ya ziwa miaka ya sabini, na anataka shilingi milioni moja na nusu. Wapenzi wa muziki wameanzisha mchango ili lisichukuliwe na mnunuzi wa ng'ambo anayetajwa tajwa. Kadi za mchango zimefika hadi kwenye kwaya za kanisa. Basi tujadili: hizo pesa ni bei ya nini hasa?

Mimi msimamo wangu ni huu. Gitaa halipandi thamani kwa kuzeeka tu, la sivyo kila kitu kilicho darini kwa babu kingekuwa dhahabu. Stratocaster za kabla ya 1965 zinagombaniwa kwa sababu Januari ya mwaka huo Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS, shirika la utangazaji, kwa dola milioni 13, na wapigaji wengi wakashikilia kwamba tangu hapo kiwanda kilijali idadi kuliko kazi. La 1964 ambalo halijaguswa linapita dola elfu kumi huko Marekani bila ubishi. Likishapakwa rangi upya, karibu nusu ya bei imekwenda. Kwa hiyo anayekutajia mwaka anakutajia pesa, na mwaka unathibitishwa kwa bisibisi. Muuzaji akikataa lifunguliwe, mimi nampa elfu ishirini kama gitaa lolote lisilo na ukoo, na tukiachana tuachane kwa amani.

Mwalimu, Kakamega

Ndugu yangu, unaongea kama dalali wa Nashville. Benga haikutoka California. Ilitoka kwa watu waliokulia kwenye nyatiti, kinanda cha Waluo cha nyuzi nane, wakaihamishia mikono ile ile kwenye gitaa. Mwanabenga D.O. Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akavuma huku na bendi yake ya Shirati Jazz, akafa kwa ajali ya barabarani Kisumu mwaka 2006. Sisemi gitaa hili lilikuwa lake, na hakuna aliyedai hivyo. Nasema kizazi kile kinakwisha na vyombo vyao vinauzwa kimoja kimoja gizani.

Wala msingoje sheria. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inahesabu kitu cha kale kuwa kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Gitaa la umeme litaingilia wapi hapo? Waziri anaweza kulitangaza kwenye Gazeti rasmi kuwa kitu cha kulindwa, lakini tukisubiri hilo litakuwa limeshapanda ndege. Tuchange.

Fundi, Kondele

Gitaa hilo limepita mezani kwangu, mwenyewe akiwepo na akiwa ameruhusu, kwa hiyo nasema nilichokiona.

Bamba la chuma la nyuma lina namba inayoanza na herufi L. Hiyo ni ya 1963 hadi 1965, hapo hajadanganya. Lakini bamba linashikwa na skrubu nne tu, dakika tano limehamia gitaa lingine. Kichwa cha shingo ni kile kikubwa, na Fender walianza kukikuza mwishoni mwa 1965. Hapo tayari mwaka 1964 na kichwa havielewani.

Nikafungua plastiki ya mbele. Mgongoni mwa vidhibiti vya sauti kuna tarakimu: 137 ni kiwanda cha CTS, kisha 66 ndio mwaka, halafu wiki. Lehemu imefifia ikawa ya kijivu, hakuna aliyeirudia. Sasa msikimbilie kusema ni gitaa la 1966. Fender walinunua vidhibiti vingi sana mwaka huo wakaendelea kuvitumia mpaka karibu 1969. Tarakimu ile inakwambia gitaa halikutoka kiwandani kabla ya 1966, basi. Kwenye kisigino cha shingo ndipo huwekwa muhuri wa tarehe, na huo ungemaliza ubishi. Nilipoing'oa shingo nikakuta pamepigwa msasa.

Kwa mita ya umeme, pikapu mbili, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, zinasoma kilo-ohm tano na nusu hivi, ndivyo inavyotakiwa. Ya karibu na daraja haisomi kitu, waya umekatika ndani. Rangi nyekundu ni ya gereji. Pale shingo inapokalia mwili bado kuna rangi yake ya kwanza, manjano katikati na nyeusi pembeni. Mwenyewe anasema alilinunua likiwa hivyo, na mimi namwamini. Mwaka tu ndio siuamini.

Mpiga solo, Nakuru

Fundi, rangi ya gari si dhambi bwana. Fender wenyewe walitumia rangi za magari za DuPont. Ile nyekundu yao inayosifiwa, Fiesta Red, ilikuwa ya gari la Ford!

Halafu milioni moja na nusu jamani. Fender ya Japani ya miaka ya themanini, ile waliyoanza kuitengeneza 1982, inapiga vizuri na chenji inabaki ya amplifaya na nauli ya bendi nzima hadi Busia. Gitaa ni la kupigwa.

Fundi, Kondele

Kijana, rangi ya kiwandani isiyo ya kawaida huongeza bei, ya gereji huishusha, hata kama ni kopo moja. Ukitaka kuzitofautisha chukua ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia dukani, umulike gizani. Vanishi ya zamani ya kiwandani hung'aa kimanjano-kijani. Palipoguswa baadaye hubaki peusi. Taa yenyewe ni mia chache tu.

Mwagizaji wa vyombo, Kisumu

Mnasahau kitu kimoja. Hiyo bei ameitoa kwenye mtandao, na mtandaoni kuna bei inayoombwa na bei iliyolipwa. Mtu anaweza kuomba dola elfu ishirini miaka mitatu bila kupigiwa simu. Angalieni zilizouzwa.

Na huyo mnunuzi wa ng'ambo si rahisi kama anavyosimuliwa. Ubao wa vidole wa gitaa la enzi hizo ukiwa wa rosewood ya Brazili, mti huo uko kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu 1992, na kuuvusha mpaka kunataka vibali. Rosewood nyingine zililegezewa masharti kwa ala za muziki 2019, ya Brazili haikulegezewa. Mgeni akiambiwa hivyo, tena akasikia habari ya msasa, atarudi na bei nyingine. Tusitishwe na mtu ambaye hatujamwona.

Dada wa kwaya, Milimani

Mimi ya vidhibiti na kilo-ohm nawaachia wenyewe. Nauliza: aliyelipiga ni nani, na shahidi ni nani? Kila gitaa kuukuu Kisumu hii lilipigwa na mtu mkubwa, ukiwasikiliza wauzaji.

Mwalimu, Kakamega

Swali zuri, dada. Kuna picha. Familia ya mpigaji mmoja, sitamtaja bila ruhusa yao, inayo picha nyeusi na nyeupe ya bendi jukwaani. Gitaa lenye kichwa kikubwa, mwili wa rangi moja. Na kichwani, juu karibu na ufunguo wa uzi mwembamba, kuna doa jeusi la sigara. Walikuwa wakichomeka sigara kwenye ncha ya uzi wanapopiga. Fundi, uliona doa?

Fundi, Kondele

Lipo. Mahali hapo hapo. Kichwa hakikupakwa rangi, kwa hiyo doa laweza kuwa la zamani. Nileteeni picha yenyewe, si ya kutumiwa kwa simu, nipime umbali wake na ufunguo. Sigara zilichoma magitaa mengi.

Mwanzisha mada, Kisumu

Hili limenisogeza, lakini si upande anaoutaka muuzaji. Tutenganishe vitu viwili vilivyofungwa pamoja.

Mbao na nyaya: Stratocaster ya mwisho wa miaka ya sitini, rangi ya gereji, bamba la kuazima, tarehe iliyofutwa, pikapu moja imekufa. Mimi naipa laki nne hapa Kisumu, na nikibanwa sana nne na nusu. Kuisuka upya pikapu ni juu ya mnunuzi.

Jina: doa likilingana na picha, jina lina thamani, nakubaliana na mwalimu. Ila thamani hiyo ni ya nani? Muuzaji alilinunua kwa mtu aliyelinunua kwa mtu. Hana picha, hana risiti, na hadithi yenyewe ameithibitishiwa na familia ambayo hapati kuitaja. Tukimlipa milioni nzima juu ya mbao, tumemlipa kwa jasho la marehemu ambaye watoto wake wameombwa kadi ya mchango kama sisi wengine. Mchango uendelee, lakini pesa ya jina iende kwa familia, na picha iwekwe pamoja na gitaa kwa maandishi.

Mpiga solo, Nakuru

Muuzaji hawezi kukubali hiyo. Atasema bila yeye gitaa lingeoza.

Mwalimu, Kakamega

Na atakuwa na haki kidogo. Alilitunza. Mimi ningempa kitu juu ya laki nne, laki moja hivi ya utunzaji. Kukata jina lote kutoka kwake ni kumwambia akauze kwingine bila kusema lolote.

Mwanzisha mada, Kisumu

Laki moja ya utunzaji nitaitetea mbele ya kamati, mwalimu. Ya jina hapana. Dada wa kwaya, kadi zenu zisimamisheni mpaka picha ifike Kondele.