Tupeane uzoefu: Wanawake wenye ADHD, usonji na disleksia tulio kwenye biashara, unaiendeshaje na "kutosha" kwako ni kiasi gani?

Mwanzisha uzi

Habari zenu wapendwa. Uzi huu ni wa wanawake wafanyabiashara wenye ADHD (umakini hautulii), usonji (ubongo unapokea sauti, mwanga na maneno kwa namna yake), disleksia (herufi zinacheza) au diskalkulia (zinazocheza ni namba). Historia za maisha tuziweke pembeni kwanza. Hapa andika unachofanya kazini, vipimo vyake, na pale panapoharibika.

Kuhusu cheti cha daktari, najua kitaulizwa. Mwongozo wa uchunguzi wa Marekani unaofuatwa na madaktari wengi wa akili, toleo la 2013, unataka dalili za ADHD ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Wasichana wengi walipitwa kwa sababu hawakuwa watukutu, walikuwa wametulia tuli darasani na akili iko dirishani. Ukienda kupimwa ukubwani, beba ripoti za shule ya msingi na, ikiwezekana, ongozana na aliyekulea. Dawa ni lazima upitie kwa daktari. Mzani, kengele na mifuko unaanza navyo leo.

Mpishi wa keki, Dar

Mimi naanza na hesabu ya kutosha, maana bila hiyo utapokea kila oda mpaka uzime.

Chukulia keki ya kilo moja unauza 35,000, na malighafi, gesi, boksi na bodaboda vinakula 20,000. Inabaki 15,000. Kama unataka 600,000 kwa mwezi ya kwako mkononi, hizo ni keki 40, yaani 10 kwa wiki. Oda ya 11 inaenda wiki ijayo, hata kama ni ya shemeji. Sasa ona: ukiuza 40,000 inabaki 20,000, na keki zinazohitajika ni 30. Shilingi elfu tano tu imekuondolea keki kumi kwa mwezi. Kwa mtu anayechoshwa na kurukaruka kutoka kazi moja hadi nyingine, kupandisha bei kunamfaa kuliko kuongeza oveni.

Vipimo. Usipime unga huku unajibu simu, hapo ndipo bekingi pauda inaposahaulika na keki inatoka kama tofali. Jumatatu, simu ikiwa chumba kingine, pima vikavu vya wiki nzima. Kila mfuko uweke unga gramu 250, bekingi pauda vijiko vidogo 2 na chumvi kidogo. Sukari gramu 250 iende mfuko wake, maana inasagwa na siagi kwanza. Funga miwili pamoja, andika juu: "siagi 250, mayai 5". Siku ya kuoka unachukua mfuko, hufikirii.

Muda nao upangwe kinyumenyume kutoka saa ya mteja. Keki inachukuliwa saa 10 jioni: kuchanganya saa 2 asubuhi, oveni saa 2:30 kwa nyuzi 170 (chombo cha sentimita 20 kinataka dakika 50 hadi 60), kutoka saa 3:30, kupoa mpaka saa 6:30, kupamba mpaka saa 8:30. Unabaki na saa moja na nusu. Hiyo si ya kuanzia keki nyingine, ni akiba ya umeme kukatika na krimu kugoma. Wengi wanaruka kupoa. Keki yenye joto kwa ndani inayeyusha siagi ya krimu na tabaka linateleza ukifika rasta ya kwanza.

Kengele isiwe kwenye simu ya oda. Ukiizima tu umeshaingia WhatsApp, na ukishaingia huko huna habari na oveni. Nunua saa ndogo ya jikoni ya kuzungusha, ifunge kamba uvae shingoni.

Mwenye swali

Mimi tatizo ni saa. Mteja wa Nairobi anaandika "4pm", wa hapa anasema "saa nne", na kichwa changu kinachanganya vyote viwili.

Mpishi wa keki, Dar

Hilo si lako peke yako, ila kwenye diskalkulia linauma zaidi kwa sababu kosa ni la saa sita nzima. Usigeuze kichwani hata mara moja. Chora ukutani safu mbili, saa yetu na saa ya simu, kuanzia saa 12 asubuhi = 6:00 mpaka saa 2 usiku = 20:00. Kwenye kuthibitisha oda andika zote mbili, "saa 10 jioni, 16:00", na mteja ajibu "sawa" chini ya ujumbe huo.

WhatsApp ya biashara ina majibu ya haraka: unaandika alama ya / na neno fupi, fomu nzima inatokea. Fomu iwe na tarehe, saa, kilo, ladha, maandishi ya juu, mahali, na amana nusu. Oda ya kuongea kwa sauti ya dakika tatu usiipokee hivyo hivyo, rudisha fomu. Bila amana, tarehe bado iko wazi. Lebo ziwe tatu tu: "haijalipwa", "imelipwa", "imetoka". Ukiweka tisa utakaa unapanga lebo badala ya kuoka (na tunajijua).

Wakala wa pesa, Moshi

Kwa upande wa namba. Mteja asikutajie namba, aiandike mwenyewe kwenye daftari. Uisome kwa sauti tatu tatu, kisha jina likitokea kwenye simu lisome kwa sauti kabla ya kuweka namba ya siri. Kosa la kawaida la disleksia ni kupindua tarakimu zilizo jirani, 54 inakuwa 45. Jina ndilo litakalokuokoa hapo.

Mtaji wako uandike kwa maandishi makubwa ukutani. Kama ni milioni moja, basi salio la simu ukijumlisha na fedha ya droo lazima irudi milioni moja: 620,000 na 380,000. Hesabu saa 7 mchana na wakati wa kufunga. Ukihesabu usiku tu, kosa la asubuhi limeshafukiwa na miamala mia. Kamisheni usiichanganye humo.

Kuna kaujanja ka wahasibu wa zamani. Ukipungukiwa, gawa upungufu kwa 9. Ukigawanyika bila baki, anza kutafuta tarakimu zilizopinduka. Mtu ameandika 45,000 badala ya 54,000, tofauti ni 9,000. Si lazima iwe hivyo kila mara, lakini inakupunguzia kurasa.

Mfanyabiashara, Kariakoo

Dada wa keki, samahani, lakini keki 10 kwa wiki ni kujiwekea dari. Wenzio watakuja na matawi matatu.

Mpishi wa keki, Dar

Waje, mjini kila mtu ana mdomo wa keki. Tawi la pili linaleta fremu, msaidizi, funguo na simu ya pili, na kwa ADHD kinachovunjika huwa ni kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine, kuoka kwenyewe hakuna shida. Ukitaka kuongeza kitu, ongeza mtu wa saa mbili kwa siku wa kujibu meseji na kupeleka mzigo. Gawa ujira wake kwa faida ya keki moja. 150,000 kwa mwezi kwa faida ya 20,000 ni keki saba na nusu. Kama kuondolewa simu kunakuwezesha kutoa nane zaidi bila kukesha, mchukue. Kama hakukuwezeshi, acha.

Fundi nguo, Tanga

Nimesubiri mtu wa usonji aandike, nikaona niandike mimi.

Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji anayesanifu njia za kupitishia ng'ombe, alikuwa anaingia mwenyewe ndani ya njia ili aone anachokiona ng'ombe: kivuli, mnyororo unaoning'inia, mwanga unaometa. Fanya hivyo kwa fremu yako. Kaa kwenye kiti chako dakika kumi bila kushona, andika kila kinachokuudhi. Mara nyingi ni taa ya mrija inayopepesa, spika ya jirani, na mteja aliyekaa nyuma ya bega. Taa ibadilishe. Ya spika, vizibo vya masikio vya povu, visokote viwe vyembamba ndipo uingize, la sivyo havizibi kitu. Mteja mpe muda maalumu: kupima na kuchukua ni saa 4 hadi saa 7 mchana. Baada ya hapo pazia linashuka.

"Nishonee tu vizuri" ni oda mbovu. Anayechukua maneno yalivyo atashona vizuri na mteja atanuna. Mwonyeshe picha mbili mbili achague: shingo hii au hii, mkono huu au huu. Baada ya jozi tano gauni lote limeshaamuliwa. Picha alizochagua zibandike kwenye kadi ya vipimo.

Kila oda na mfuko wake wa nailoni unaoonyesha ndani: kitambaa, bitana, zipu, uzi wa rangi yake, kadi. Mezani iwepo mitano tu. Wa sita haukatwi mpaka mmoja utoke. Kinachotuua mafundi wa ADHD ni nguo kumi zilizokatwa nusu, na kitambaa ukishakikata hakirudishiki. Kuelekea Idi, funga kupokea siku kumi kabla na ubandike tarehe mlangoni.

Mwenye swali

Na vikoba? Mimi faini za kuchelewa zinanimaliza.

Wakala wa pesa, Moshi

Hisa mtumie mweka hazina kwa simu siku moja kabla ya kikao, kengele iite saa ile ile kila wiki. Faini ya fedha inaisha, inabaki ya kuchelewa kuketi. Hiyo omba katiba ya kikundi ikupe kazi inayokulazimu kuwahi, kama kushika moja ya funguo za sanduku. Wenzio wakikupigia simu wakiwa njiani utatoka tu.

Mwenye swali

Asanteni. La mwisho: oda ya 11 naikataaje? Nikianza kujieleza naishia kuikubali.

Mpishi wa keki, Dar

Usijieleze. Weka hili kwenye majibu ya haraka, ulipe jina /imejaa: "Asante sana kwa oda yako. Wiki hii nafasi zimejaa. Nafasi ya karibu ni tarehe ___. Ukiitaka, amana ni nusu kwenye lipa namba hii." Jaza tarehe, tuma, weka simu kifudifudi.