Naomba ushauri: paka wangu mweusi anatoka kama doa kwenye picha

Habari zenu wakuu. Nina paka mweusi tii, na kila nikimpiga picha ndani anatoka kama doa lenye macho mawili. Flashi nimeiacha, inamshtua na macho yanawaka kijani. Jana alikaa dirishani, jua la asubuhi likampiga ubavuni, nikaona manyoya yake yana wekundu fulani hivi, mzuri mno! Kamera ikaongeza mwanga kupita kiasi, wekundu ukapotea. Nikapunguza mwanga kwenye kamera kwa hatua 1 (yaani nusu), afadhali kidogo. Ila akianza kucheza natumia kasi ya shata ya 1/500 ya sekunde, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) inapanda hadi 6400 na picha inajaa chenga. Kupiga picha mbwa na ndege huko nje hakunisumbui. Ndani nifanyeje? Ameshazeeka, nataka nibaki na sura yake halisi.