Meya wa jiji sikumuona kwenye karatasi ya kura, alichaguliwa na nani?

MgeniWaVumbi

Wakuu habari za saa hizi, poleni na mvua.

Mie niko Dodoma mwaka wa tatu sasa, nilikuja kikazi kutokea Tanga nikapanga huku pembezoni, mtaa sitautaja maana mwenyekiti wetu namheshimu na mkewe ndo ananiuzia vitumbua kila asubuhi. Ila kuna jambo linanichanganya nikaona nilete humu kabla sijaenda kujiaibisha mbele za watu.

Iko hivi, mbele ya ninapokaa kuna korongo. Nahamia lilikuwa kamfereji tu mtu unaruka na ndala zako, mvua za mwaka jana zikalila, za mwaka huu ndo zimemaliza kabisa, sasa hivi bajaji inakushushia kwa mangi kule juu unamalizia kwa mguu na kiroba chako kichwani. Watoto wa shule wanapita juu ya nguzo ya zamani ya umeme ambayo jirani aliilaza pale ikawa daraja. Nguzo yenyewe ya duara, ikilowa ni sabuni.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akasema nishalifikisha kwa diwani. Diwani nikamvizia msibani (ndo anakopatikana), akanisikiliza vizuri tu, akasema mimi sina fungu, fungu liko kwa mkurugenzi. Jamaa mmoja wa hapo hapo msibani akadakia kwamba barabara siku hizi halmashauri wala haihusiki. Nikarudi nyumbani na viatu mkononi.

Sasa nikaanza kuwaza, mie nimepiga kura mara mbili hapa Dodoma. Novemba 2024 nilimchagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wake, Oktoba 2025 nikachagua rais, mbunge na diwani. Meya sikumuona popote! Mkurugenzi sikumuona popote! Hawa wanatokea wapi na nani bosi wa nani? Na hilo korongo ni la nani? Mwenye kuelewa anifafanulie taratibu, siasa niliisomaga zamani sana na nilikuwa nakaa dawati la nyuma.

ChapaLapa

Meya anachaguliwa na madiwani mkuu. Wanachaguana wenyewe kwa wenyewe mle ndani. Wewe umechagua wali, mboga wanachagua wao 😂

Korongo ni la Mungu.

Mjumbe Mstaafu

Mbukwenyi wanajamvi. Kijana umeuliza la maana, usimsikilize huyo wa wali.

Mimi nimekaa kwenye kamati ya mtaa vipindi viwili, sasa nimepumzika nalima zabibu zangu, kwahiyo nitakwambia nilivyoviona. Ulishiriki chaguzi mbili tofauti kabisa na watu wengi hawalijui hilo. Ule wa tarehe 27 Novemba 2024 unasimamiwa na TAMISEMI (ofisi ya Rais inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa), ndo maana ulijiandikisha upya mwezi wa kumi kwenye daftari la mtaani kwako na kadi yako ya mpiga kura haikuwa na kazi. Huo ndo unampata mwenyekiti wa mtaa na kamati yake, na vijijini mwenyekiti wa kijiji, halmashauri ya kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Wa tarehe 29 Oktoba 2025 ni wa Tume ya Uchaguzi, na diwani yumo humo pamoja na mbunge na rais. Zote miaka mitano mitano.

Sasa madiwani wa kata zote za jiji, na Dodoma tuna kata 41, wakishaapa wanakaa kikao cha kwanza wanamchagua mmoja wao awe meya. Lazima awe diwani, huwezi kutoka nyumbani tu ukawa meya. Huyo anakaa miaka mitano labda madiwani wamng'oe njiani. Naibu meya yeye anapigiwa kura kila mwaka, ndo maana utasikia naibu kabadilika meya yuko vilevile. Ongeza madiwani wa viti maalumu, na wabunge nao ni wajumbe wa baraza. Hapa kwetu kabla ya uchaguzi jimbo la Dodoma Mjini liligawanywa likazaliwa la Mtumba, kwahiyo wabunge wa majimbo ni wawili.

Mkurugenzi hachaguliwi na mtu. Anateuliwa na Rais. Chini yake wakuu wa idara, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa, hao wote ni watumishi wana mshahara. Mwenyekiti wako wa mtaa hana mshahara, ana kaposho, na hako kaposho sitaki kukazungumzia nisije nikalia. Muhuri wetu ulikuwa unakaa kwenye kopo la mafuta ya mgando, pedi ikikauka tunaiamsha kwa mate, mtu anataka barua ya kufungulia akaunti benki saa 2 usiku na wewe umekaa na familia mnakula, na usipofungua mlango kesho wewe ndo mbaya wa mtaa.

Diwani alivyokwambia hana fungu hajakudanganya. Diwani hashiki hela hata shilingi. Kazi yake ni kukaa pale barazani kupitisha bajeti na kumbana mkurugenzi kwamba hiki mlisema mtafanya kiko wapi. Anayesaini ni mkurugenzi. Ila ukishajua hilo usimuachie diwani akaondoka msibani kirahisi hivyo, maana kubana nako ni kazi na ndo aliyoiomba.

Kizota Mjini

Mstaafu umeeleza vizuri lakini unamficha kijana ukweli. "Tunachagua" tunachagua nini? Hiyo 2024 chama kimoja kilichukua zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchi nzima, wapinzani kibao walienguliwa kwenye fomu. Ukija kwenye kura ya meya wanachama wa chama kile kile wanakaa kwanza kwenye kikao chao cha chama wanapitisha jina, barazani wanaenda kumalizia tu. Kwahiyo ukitaka kujua nani kamchagua meya usitafute kwenye karatasi ya kura.

Mjumbe Mstaafu

Kizota sijaficha, kaniuliza utaratibu nimempa utaratibu. La jina kupita kwanza kwenye chama ni kweli na sikatai.

Msimamizi

Wadau tubaki kwenye swali, ya vyama yana jukwaa lake. Asanteni.

mama_chausiku

Mie nataka niongee kuhusu hilo la kumbana maana nimeliona kwa macho yangu.

Watu wengi hawajui kwamba baraza la madiwani ni la wazi, wewe raia unaruhusiwa kuingia ukakaa ukasikiliza, hutochangia lakini utasikia. Linakaa kila baada ya miezi mitatu. Mimi nilienda mara moja, kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kinafuatilia ile mikopo ya asilimia kumi (ile isiyo na riba, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ilisimamishwaga 2023 ikarudi 2024), tukasema hebu twende tukasikie wenyewe. Tumefika na vitenge vyetu, mlinzi anatuuliza mmetumwa na nani, tukamwambia tumejituma. Tukaingia.

Jamani mle ndani ni kanisani. Meya ana joho na mkufu, madiwani wana majoho, mkurugenzi kakaa pembeni yake maana yeye ndo katibu wa kikao. Wanaanza na taarifa za kata, diwani mmoja mmoja anasimama anasoma, kata yangu ina hiki na hiki na changamoto ni hii. Na hapo ndo nikajua diwani gani anafanya kazi na yupi anasoma karatasi aliyoandikiwa na mtendaji asubuhi ile. Kuna mama mmoja diwani, sitamtaja, alikuja na picha za choo cha shule kilichotitia, akazipitisha mkono kwa mkono mpaka zikafika mbele, akakataa kukaa chini mpaka ajibiwe ni mwezi gani. Alijibiwa mwezi. Mwingine wa kiume alisoma "changamoto ni barabara" akakaa. Barabara gani? Mita ngapi? Inaenda wapi? Hakuna.

Kwahiyo mgeni wewe usimpe diwani maneno, mpe picha. Mpe ile nguzo na mtoto akiwa juu yake.

Mjukuu wa Kondoa

Nyongeza ndogo. Kuna watu wanadhani kila halmashauri ina meya. Mkoa wetu wa Dodoma una halmashauri nane na ni moja tu yenye meya, hiyo ya jiji. Huku kwetu Kondoa Mji na hizo wilaya zote, Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa yenyewe, tuna mwenyekiti wa halmashauri. Kazi ni ile ile, anachaguliwa vile vile na madiwani, ila mkwe wangu akija kutoka mjini anaturingia kwamba wao wana meya, haya bwana.

Na hiyo hadhi ya jiji nayo si ya zamani, Magufuli aliitangaza siku ya Muungano 2018 pale uwanja wa Jamhuri. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameshaivunja CDA (ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa inagawa ardhi ya mji), viwanja vyote vikarudi halmashauri. Zamani hapo ulikuwa na diwani lakini kiwanja unakitafuta CDA ambako diwani wako hana kauli, wazee wa Dodoma watakwambia walivyokimbizana.

ChapaLapa

Na balozi wa nyumba kumi je? Kwetu huyo ndo serikali, hata ukigombana na mkeo unapelekwa kwake.

Mjumbe Mstaafu

Balozi ni wa chama, CCM, tangu enzi za TANU. Hayumo kwenye sheria za serikali za mitaa. Watu wanamheshimu kwa mazoea na wengine kweli wana busara lakini barua yake haina nguvu kiserikali.

Sasa turudi kwenye korongo maana hatujamjibu kijana. Yule wa msibani aliyekwambia halmashauri haihusiki yuko nusu sahihi. Tangu 2017 barabara za mitaani ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), barabara kuu ni TANROADS (wakala wa barabara wa taifa). Ila haina maana diwani na mwenyekiti wako wamevuliwa, maana vipaumbele vinatakiwa vitoke chini. Iko ngazi hivi: mkutano wa mtaa, wananchi wote mnakaa mnasema kero yetu ya kwanza ni hii, inaandikwa kwenye muhtasari. Mwenyekiti anaupeleka kwenye kamati ya maendeleo ya kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni mtendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa yote ni wajumbe. Pale mnagombea na mitaa mingine. Ikipita inapanda juu kwenye mipango.

Kosa lako, na usinichukie, ulienda peke yako kwa mdomo. Hata mimi nilikuwa naletewa kero kwa mdomo kumi kwa siku, nyingine nasahau kabla sijafika getini. Uliza swali moja tu: muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye hilo korongo uko wapi? Kama haupo basi korongo halijawahi kufika popote, mwenyekiti alimwambia diwani wakiwa kwenye bodaboda na ikaishia hapo. Na kuna jambo la muda, mwaka wa fedha unaanza Julai, mipango inaanza kupikwa huku nyuma mwishoni mwa mwaka unaotangulia, ninyi mnalia mwezi wa tatu maji yakiwa magotini wakati bajeti imeshapikwa. Mkiwahi mtaingia ya mwaka unaofuata. Kwa sasa hivi jazeni viroba vya mchanga pembeni mwa mdomo wa korongo, pandeni makatani, na hiyo nguzo itolewe kabla haijaua mtoto, wekeni mbao mbili za upana zipigwe misumari.

Kizota Mjini

Hapo kwenye muhtasari nakuunga mkono mzee. Na akisema mkutano haujaitishwa siku nyingi, mwambieni auitishe, wananchi mna haki ya kudai, na mapato na matumizi yasomwe hapo hapo. Utaona atakavyokohoa.

MgeniWaVumbi

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nilipotea siku nne.

Nilifanya kama mzee alivyosema. Asubuhi wakati nanunua vitumbua nikamuuliza mwenyekiti kwa adabu tu, shikamoo baba, eti muhtasari wa mkutano wenye lile korongo naweza kuuona? Akaniangalia kwa muda. Mkewe akaacha kugeuza. Akaingia ndani akatoka na kaunta buku lina doa la chai, tukafungua wote, mkutano wa mwisho ulioandikwa humo ulijadili mbuzi wanaozurura na michango ya mwenge. Korongo hamna. Akasema mwenyewe, "Mwanangu hili tuliliongea lakini hatukuliandika." Nilimheshimu kwa kusema vile, angeweza kunifokea.

Mbao tumeshaweka, tulichanga elfu mbili mbili, fundi akatuachia misumari bure. Picha nimepiga, za nguzo ninazo za kabla hatujaitoa, nimemtumia diwani kwenye WhatsApp tiki zimekuwa bluu hajajibu. Mama Chausiku nikija baraza lijalo nitakutafuta tukae pamoja, mie peke yangu naogopa mlinzi.

Na tangazo la mkutano limebandikwa jana kwa mangi, Jumamosi saa 4 asubuhi chini ya mwembe wa shule, ajenda ya kwanza korongo, ya pili mbuzi tena. Chini kabisa wameandika kila mtu aje na kiti chake.

mama_chausiku

Nipo. Ukienda Jumamosi beba na mwavuli.