Naomba ushauri: nilipungua kilo 17, zote zimerudi, na moyo wa kuanza upya sina

Binti_Ukonga (mleta mada)
Habari za jioni, wanajukwaa. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mhasibu, mkazi wa Dar es Salaam, mama wa watoto wawili. Mwaka 2022 nilikuwa na kilo 91. Niliacha kabisa wali, ugali na chapati, asubuhi nikawa nakunywa chai ya rangi na usiku nakula mboga za majani na yai moja, na baada ya miezi mitano nikafika kilo 74. Kazini walinisifu, na nguo zangu nikazipeleka kwa fundi zikapunguzwe. Kufikia mwisho wa 2023 kilo zote zilikuwa zimerudi, na leo mzani unasoma 94. Kila Jumatatu najiambia naanza, lakini ikifika Jumatano naona haya hata kuusogelea mzani. Ninyi mliofanikiwa, hamu ya kuanza na kuendelea mliipata wapi?

Mwalimu_Mstaafu
Binti yangu, hamu haitafutwi. Mimi nilifundisha miaka 22 katika shule iliyokuwa mwendo wa saa nzima kutoka nyumbani, kwenda na kurudi kwa miguu, na kitambi sikukijua mpaka nilipostaafu na kununuliwa kiti cha uvivu na wanangu. Kizazi chenu kinapanda bodaboda kwenda kununua vitunguu. Amka, tembea, acha soda, na usingoje moyo ukuruhusu.

Fundi_Baiskeli
Shikamoo, Mwalimu. Dada, mimi nilikuwa na kilo 108, na siku niliyoinama kufunga kamba za viatu nikaona giza ndiyo siku niliyoanza. Tulikuwa majirani wanne, tukakubaliana kutembea kila alfajiri, na asiyetokea anawanunulia wenzake supu. Mwezi wa kwanza mwenzetu mmoja alinunua supu mara kumi na moja, nasi tukanenepa! Baadaye tukabadilisha adhabu ikawa maji ya kunywa. Sasa nina kilo 93, mwaka wa tatu huu, na ugali naula, ila nusu ya ule wa zamani.

Nesi_wa_Zamu
Dada, usijilaumu kwamba huna moyo. Mtu akipungua kwa kujinyima, mwili huona kama njaa imeingia nchini: leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, hushuka, na homoni ya njaa hupanda. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2011 kwamba homoni hizo zilikuwa bado hazijarudi mahali pake mwaka mmoja baada ya watu kupungua. Chakula ulichokieleza kilikuwa kidogo mno, hivyo kilo kurudi si jambo la ajabu. Lakini naona hujatueleza unataka kuanza na nini safari hii. Je, una presha au sukari? Kuna dawa, chai au sindano uliyokwisha kuiandaa?

Binti_Ukonga
Sikutaka kulitaja hili kwa sababu najua mtanisema. Kuna dada anauza sindano za kupunguza mwili kupitia WhatsApp. Nimeshatanguliza shilingi 250,000, na kichupa cha kwanza kimo ndani ya friji yangu tangu wiki iliyopita. Mume wangu hajui. Presha yangu imepanda kidogo, sukari sijapima. Naomba mnielewe: watu maarufu duniani wanazitumia, na mimi nimeshajaribu kwa nguvu zangu nikashindwa. Naamini nikipungua kilo 15 za kwanza kwa sindano, hamu ya mazoezi itakuja yenyewe.

Nesi_wa_Zamu
Asante kwa kusema. Dawa yenyewe ipo na inafanya kazi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, watu waliodungwa semaglutaidi, dawa inayopunguza hamu ya kula, kwa wiki 68 walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao. Lakini walioacha walirudisha theluthi mbili ya kilo hizo ndani ya mwaka mmoja, kwa hiyo jiulize utainunua kwa miaka mingapi. La pili ndilo linaloniogopesha zaidi: mwezi Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilionya kuhusu Ozempic (jina mojawapo la kibiashara la semaglutaidi) bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani. Dawa halisi ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na wewe hujui ilisafirije wala umeme ulikatika mara ngapi. Tafadhali usijidunge. Nenda kliniki upimwe sukari na presha, na kama dawa inakufaa, iandikwe na daktari.

Jicho_Kali
Wanajukwaa, tusiharakishe. Akaunti imefunguliwa juzi, mada ya kwanza ni kupungua mwili, na hatujafika mbali tayari sindano imeingia pamoja na bei yake. Mada za namna hii nimeziona: mmoja analia, kesho anatokea mwingine kusema ilimsaidia na anaacha namba ya simu. Dada, kama habari hii hukuitunga, tuambie kichupa hicho kimeandikwa nini.

Fundi_Baiskeli
Hata kama ameitunga, wapo wanaosoma hapa wakiwa na kichupa kama hicho nyumbani. Maneno ya Nesi yabaki.

Binti_Ukonga
Nimeumia, lakini naelewa. Akaunti ni mpya kwa sababu kwenye ile ya zamani wenzangu wa kazini wananifahamu. Jina la muuzaji na namba yake sitazitoa, hata mkiniomba. Kichupa nimekitazama sasa hivi: hakina jina la kiwanda wala tarehe ya kuisha muda, kina karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa kalamu “wiki 1–4”. Nilipompigia, alisema dawa zinazotoka nje hufungwa hivyo, na kwamba fedha hairudi. Nesi, nimeomba ruhusa kazini, nitakwenda kliniki Alhamisi. Ila nisiwadanganye, sijakitupa. Nimekirudisha nyuma ya chupa za maji, na nitakwenda nacho ili daktari akione kwa macho yake.