Mjadala: Kijana aliyemaliza kidato cha nne achague mwenyewe au tumchagulie?

MamaKulwa_Nkuhungu: Habari za jioni wapendwa. Dirisha la kubadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, liko wazi. Mwanangu ana miaka 17, Biolojia B, Kemia C, Jiografia B, Fizikia D. Yeye anataka chuo cha kilimo, mimi nataka CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia). Juzi nikachukua namba yake ya mtihani nikambadilishia kimyakimya. Leo mwalimu wake kanipigia, eti nimempora mtoto haki yake, eti siku hizi wanawafundisha vijana kufanya maamuzi. Nauliza: maamuzi yanafundishwaje? Na kwa nini zoezi la kwanza lifanyike juu ya ada yangu?

MzeeWaZuzu: Umefanya vema, binti yangu. Mwaka 1984 baba alinipeleka ualimu bila kuniuliza. Nilipanda treni Dodoma nikalia mpaka Manyoni. Leo nina pensheni na watoto watatu wamesoma. Kijana wa sasa ukimwambia achague, atachagua simu.

Kibaigwa_Mjini: Uamuzi wako wa kwanza mwenyewe ukawa kuhamia Zuzu. Jina linajieleza 😂

Mwl_Chamwino: Mama Kulwa, shikamoo. Nikujibu swali lako la "yanafundishwaje". Mwaka jana niliwaachia kidato cha tatu hela ya kuwaaga kaka zao, yote, nikakaa pembeni. Walipiga kura wakakodi muziki mkubwa wenye spika nne. Siku ya sherehe wali ukaja na mchuzi mtupu, nyama hakuna. Kaka mkuu alisimama na sahani mkononi, watu wanamwangalia, spika zinaunguruma nyuma yake. Nilikuwa na hela ya akiba mfukoni, sikuitoa. Muhula huu wamenunua jezi: wameulizia bei maduka matatu pale Majengo kabla ya kulipa, na sikuwaambia.

MamaKulwa_Nkuhungu: Marahaba mwalimu. Lakini wali bila nyama unaisha siku ile ile. Miaka miwili ya chuo nitarudishiwa na nani?

MzeeWaZuzu: Kwanza nimalizane na huyu wa Kibaigwa. Kijana, Zuzu ni kata kamili ya Jiji la Dodoma. Umeme mkubwa unaotoka Iringa kwenda Singida unapita kwenye kituo cha kupozea cha Zuzu. Ninyi mna nini zaidi ya lumbesa?

Kibaigwa_Mjini: Tuna soko la kimataifa la mahindi mzee wangu. Ugali wa nusu ya nchi. Umeme mnaupoza, mbona maneno hamyapozi?

BintiWaKikuyu: Samahani jamani. Mnasema mtoto wa miaka 17 hana akili ya kuchagua chuo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akiridhia. Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba hilo linakiuka Katiba, Mahakama ya Rufani ikakazia 2019. Nyumbani kwetu dada yangu alihesabiwa ng'ombe akiwa kidato cha pili, na wazee waliokaa kikao kile hakuna aliyesema bado mdogo. Ukubwa wa mtoto unapimwa kwa nini hasa? Kwa ng'ombe?

Mtumba_Ofisini: Kuhusu Zuzu, kwani kiwanja kule sasa hivi ni bei gani? Kilichopimwa.

MzeeWaZuzu: Njoo pembeni tuongee.

Kibaigwa_Mjini: Ahaa! Kumbe tangu mwanzo ulikuwa unatangaza viwanja.

MzeeWaZuzu: Nimekufundisha wewe au baba yako? Koma.

Mwl_Chamwino: Binti wa Kikuyu kasema jambo zito, mmelipita kama basi la usiku. Mimi naongeza dogo. Zamani tahasusi ulizihesabu kwa vidole, 2024 zikatangazwa hadi kufika 65. Na kwenye mtaala mpya mtoto akitoka darasa la saba anakuta mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi. Hapo ana miaka 13 hivi. Mzee, baba yako alichagua kati ya ualimu na kuchunga. Hawa hata mzazi mwenyewe hazijui zote.

MzeeWaZuzu: Baba yangu hakuwa na ng'ombe wa kuchunga, mwalimu. Usinipe historia isiyo yangu.

MamaKulwa_Nkuhungu: Mimi kilimo sikidharau. Mjomba wake ana mizabibu Hombolo. Mwaka mzuri anavuna mara mbili. Mwaka juzi mnunuzi hakutokea, nilikwenda mwenyewe nikakuta vichala vimesinyaa, nyuki wamejaa, mjomba kakaa kwenye kreti tupu hasemi. Zabibu si mahindi uweke stoo. Hicho ndicho mtoto anataka akasomee?

BintiWaKikuyu: Labda anataka kusomea kwa nini ziliozea pale. Umemuuliza, mama?

MamaKulwa_Nkuhungu: Yuko huko huko Hombolo wiki ya pili, anapogoa na mjomba wake. Bado hajui kama nimembadilishia. Simu yake haipatikani.

Mtumba_Ofisini: Dirisha linafungwa lini?

Kibaigwa_Mjini: Kesho natuma fuso kupakia mzigo Hombolo. Mama, andika ujumbe, dereva atampelekea dogo.

MzeeWaZuzu: Apitie Zuzu anibebee na mimi kreti mbili.

Kibaigwa_Mjini: Mzee, Zuzu na Hombolo ni njia moja?