Tupeane uzoefu: Mtoto wa kidato cha pili bado hajaanza kurefuka, wenzake sauti zimeshakuwa nzito

Mama wa Mbagala
Habari zenu wakuu. Kijana wangu ametimiza miaka 14, yuko form two. Shati alilovaa siku anaripoti form one bado linampwaya, na mnajua sisi tunanunua kubwa makusudi ili akue nalo. Akipokea simu watu wanamwambia "mpe mama nimsalimie", wakidhani ni mdogo wake. Darasani wameshambatiza Andunje. Kula anakula, kuumwa haumwi. Baba yake anasema nimwache. Mliopitia haya, mlifanyaje?

Kidoti
Wa kwangu huyohuyo. Naweka kambi hapa.

Mjomba wa Usukumani
Maziwa! Ya ng'ombe, sio hayo ya pakiti. Hakuna Msukuma mfupi.

Msema Kweli
Mimi Msukuma wa Bariadi, futi tano na inchi tatu. Maziwa nimekunywa mpaka ng'ombe akawa ananijua kwa jina.

Mjomba wa Usukumani
Wewe wazee wako walihamia, kaulize vizuri.

Nesi Mstaafu
Mama wa Mbagala, ndevu na sauti ni mambo ya mwishomwisho, usiyatumie kupimia. Mvulana anaanza kubalehe korodani zinapoongezeka ukubwa. Akifika 14 hakuna dalili hiyo, anastahili kuonwa na daktari wa watoto. Kwa msichana ni 13 bila matiti kuanza, au 15 bila kuvunja ungo. Halafu niambie, kwa mwaka anaongezeka sentimeta ngapi? Mtoto ambaye hajabalehe huongezeka kama 5 hivi. Ikiwa chini ya 4, usikae. Najua huna jibu, maana kadi ya kliniki tunaitunza mpaka miaka mitano, baada ya hapo mtoto anapimwa na fundi cherehani tu. Msimamishe ukutani bila viatu, weka alama, andika tarehe, rudia baada ya miezi sita.

Tiba Mbadala
Nina unga wa kurefusha, sentimeta 8 kwa mwezi, bila madhara. Njoo inbox.

Msema Kweli
8 kwa mwezi, kwa mwaka inakaribia mita nzima. Unakuza mtoto au mnazi?

Bi Mkubwa Mdogo
Jamani huu uzi umenitonesha. Mume wangu anazidi futi sita, kwao wote ni milingoti. Mtoto wetu wa kwanza alifika 15 akiwa kimo cha mtoto wa la tano. Mdogo wake wa kike akampita, tena akampita kwa kasi. Mawifi wakaanza maneno ya chinichini, "kwetu hakuna wafupi". Nikawa najifanya sisikii.

Krismasi moja tukapanda Rombo kama kawaida. Wajukuu wakapangwa kupiga picha na bibi yao, wifi akasema mbele ya ukoo mzima, "Huyu mbele kabisa mbona sioni sura ya nyumbani?" Watu wakacheka. Mume wangu akanyamaza. Maneno ya wifi nilishayazoea, ule ukimya ndio ulionimaliza. Tuliporudi Dar akahamia sebuleni. Siku moja nafua suruali yake nakuta karatasi ya mwanasheria, anataka kupeleka sampuli za DNA kwa Mkemia Mkuu, ijulikane kama mtoto ni wake. Sikulia. Nilianza kupanga nguo zangu.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, ambaye mimi na yeye tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Alishuka Dar bila kuitwa, amebeba picha ya shule ya mwanawe. Vijana wa form four wamesimama, mmoja kichwa kinawafika wenzake kifuani. Akaiweka mezani: "Huyu ndiye baba mwenye nyumba. Alikwenda JKT hivihivi, akarudi suruali zake zote zimegeuka pensi." Mume wangu alikuwa amesahau! Au alijisahaulisha.

Tukaenda kwa daktari bingwa, mtoto akapigwa eksirei ya mkono wa kushoto. Mifupa ikaonekana ni ya mtoto wa miaka 12 wakati yeye ana 15. Daktari akatuambia saa yake imechelewa kama ya baba, nafasi ya kurefuka bado anayo. Leo ana 20, anainama kupita mlango wa jikoni. Wifi sijamsamehe na sitarajii.

Kidoti
Duh. Huyo mama mkwe apewe kitenge doti mbili.

Bwana Ngedere
Pole dada, ila mimi ningepima tu. Picha ya shule sio DNA.

Kidoti
Wewe ndiye yule wifi nini?

Bwana Ngedere
Nauliza kama mwanaume. Mnatufichaga mengi.

Msema Kweli
Kuna mwingine hapa anataka kujua kama kaka zake ni kaka zake.

Nesi Mstaafu
Mada ni urefu!

Shangazi wa Tanga
Nimefurahia stori, lakini hii ya "saa imechelewa" isiwe mto wa kulalia. Binti wa kaka yangu alifika 16, mfupi, kifua kitupu. Watu wazima wa nyumbani wakasema atapevuka, mbona fulani alichelewa akazaa saba. Hospitali wakampima kromosomu, kumbe ana tatizo la Turner, la kuzaliwa nalo, kromosomu yake moja ya X ina kasoro. Wakamwangalia na moyo, maana hali hiyo huendana na kasoro za moyo, wakamwanzishia homoni za kike. Angewahi kuonwa, kuna dawa ya kusaidia kimo. Mifupa ikishafunga imefunga, harefuki tena. Na kama nyumbani kuna selimundu, mtoto hudumaa na kuchelewa pia, msiishie kwenye maziwa.

Chuma cha Gym
Messi alichomwa homoni, mchomeni na huyo. Gym kwetu zipo, bei poa.

Nesi Mstaafu
Messi alithibitika ana upungufu wa homoni ya ukuaji, akatibiwa na madaktari. Hizo za gym nyingi ni za kukuza misuli, zinafunga mifupa mapema, kijana anabaki hapohapo milele. Mfungue macho mwenzio badala ya kumuuzia.

Tiba Mbadala
Unga wangu hauna homoni.

Mama wa Mbagala
Asanteni wote. Nimempima kwenye fremu ya mlango, 143. Baba yake nimemuuliza alirefuka lini, anasema alizaliwa mrefu. Kesho nampigia mama mkwe. Nesi, hiyo eksirei ya mkono kwa bima ya afya inapita?

Bwana Ngedere
Mwambie mama mkwe alete picha yenye mhuri wa shule.

Kidoti
Mods, mtoeni huyu.